Nyumba Iliyofaulu Mtihani

Naanza na kosa langu mwenyewe, maana nisipolisema mimi, binti yangu Ghislaine atalisema, na akilisema yeye linakuwa refu. Siku ile mpimaji wa serikali alipokuja kuangalia kama nyumba yangu inapitisha baridi, mimi nilikuwa nimeshaizuia isipitishe.

Sikufanya hivyo kwa hila. Hila ingekuwa na faida. Nilifanya kwa sababu nimezaliwa na kukulia katika bonde hili la kaskazini mwa Maine, ambako ukisimama dirishani unaiona Kanada ng'ambo ya mto, na huku kwetu mwanamke hakubali mgeni aingie akute nyumba hovyo hovyo. Kila mwaka, viazi vikishatolewa shambani, tunazivika nyumba zetu. Tunakata matawi ya msonobari na kuyapanga kuuzunguka msingi mpaka chini ya madirisha, ili theluji ikianguka ikae juu yake na upepo ukose njia. Ndani tunafunika madirisha kwa nailoni angavu, tunaipitishia draya ya nywele mpaka inakazika vizuri na mtu hawezi kujua kama ipo. Kwenye nyufa tunashindilia matambara. Mama yangu alifanya hivyo, mama mkwe wangu alifanya hivyo, na mimi nimefanya hivyo miaka hamsini ndani ya nyumba hii.

Kwa kawaida kazi hiyo hunichukua wiki mbili. Mwaka huu barua ilipofika kwamba mpimaji anakuja tarehe sita Novemba, niliimaliza kwa siku nne. Nina miaka sabini na mbili. Msaidizi wangu alikuwa shemeji yangu Lucien, mdogo wa marehemu mume wangu, mwenye miaka sabini na goti moja zima.

"Rolande," Lucien aliniuliza akiwa amekumbatia matawi mpaka kidevuni, "huyu bwana anakuja kupima nyumba au anakuja kukuposa?"

"Panga matawi, shemeji. Hapo umeacha mwanya."

"Nauliza tu, nijue kama nivae tai."

Sasa niseme kwa nini nilimhitaji huyo mpimaji. Februari iliyopita boila yangu ya mafuta, ile inayopasha nyumba joto, ilikufa, nikalala siku tatu kwenye kiti jikoni, karibu na jiko la kuni, nikisubiri fundi. Sikumwambia mtu. Lucien ndiye aliyenichongea kwa Ghislaine. Ghislaine ni muuguzi, anaishi Bangor, mwendo wa saa tatu kwa gari, na siku ile aliutumia mwendo huo kuja kunifokea. Alisema nyumba hii itaniua. Tukabishana, mwishoni tukapeana mikono juu ya meza ya jikoni: ikifika Krismasi niwe nimekubaliwa msaada wa kujaza kuta vizuia baridi na kubadilisha boila. Isipokuwa hivyo, nyumba inauzwa, na mimi nahamia kwenye majengo ya wazee karibu na kwake, yale ambayo hata dirisha haliruhusiwi kufunguliwa zaidi ya kiganja kimoja. Nilimpa mkono kwa sababu nilijua nitashinda.

Pesa za kazi hiyo sikuwa nazo, lakini serikali ilikuwa inatangaza msaada kila mahali, mpaka kwenye redio ya kanisa. Nilianza na serikali kuu, Washington. Wao ukiitengeneza nyumba yako wanakupunguzia kodi. Nilipiga simu, nikapata mama mmoja mpole, akaniuliza huwa nalipa kodi kiasi gani. Nikamwambia pensheni ya dereva wa basi la shule ni ndogo, silipi kodi.

"Basi, mama, hakuna cha kukupunguzia," akasema.

"Kwa hiyo msaada huu ni wa wale wasiouhitaji?"

Akasema ngoja anihamishie kwa mwenzake, na simu ikakatika. Sijui ilikatika au ilikatwa. Nina maoni yangu.

Ikabaki ruzuku ya jimbo letu. Hiyo ilikuwa ya watu kama mimi, karibu kazi yote wangelipa wao. Sharti lilikuwa moja tu: nyumba ipimwe kwanza. Ikipitisha upepo kupita kiwango walichoweka, unapata. Ikiwa chini ya hapo, wanasema nyumba inatosha, asante na kwaheri.

Mpimaji aliitwa Haskell, mtu wa pwani ya kusini, wa makamo, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hilo lilinipendeza. Alikuwa ameizunguka nyumba yote huku akiandika, kisha akaja anatabasamu.

"Nimeona mmeshaanza kupamba kwa ajili ya Krismasi," akasema. "Matawi yamependeza sana, Bi. Michaud."

Mungu anisamehe, nilisema asante. Nilijua hayakuwa mapambo. Lakini mtu anasifia nyumba yako, utamkatizaje? Lucien alipatwa na kikohozi ghafla, ikabidi atoke nje.

Haskell akaziba mlango wa mbele kwa turubai jekundu lenye feni kubwa katikati. Feni ile inavuta hewa ya ndani na kuitupa nje, kisha mashine inasoma ni upepo kiasi gani unaingia kupitia nyufa kuja kuziba pengo. Iliunguruma dakika chache. Mimi nilisimama nimefunga mikono kifuani kama siku ya kuchukua matokeo ya shule. Haskell akaangalia namba, akaangalia tena, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Kwa umri wake, nyumba hii imebana vizuri sana."

Nilifurahi mno. Nilimkalisha jikoni nikampikia ploye, zile chapati zetu nyembamba za ngano nyeusi zinazopikwa upande mmoja, nikampakia siagi na asali ya mti, ile ya utomvu uliochemshwa. Alikula sita. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari, mjinga mimi, nikimpungia mkono.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Niliisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, na theluji ikianza kudondoka juu ya karatasi. Nyumba yako inatosha. Ombi lako limekataliwa.

Nilipomwonyesha Lucien jikoni, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Umefaulu, shemeji! Mtihani mmoja maishani mwako ulitakiwa ufeli, nao umefaulu!" Akavaa miwani, akaichukua fomu niliyokuwa nimeijaza tangu kiangazi, akafungua ukurasa wa nne. Akasoma taratibu, kwa kidole: mwenye nyumba aondoe vizuizi vyote vya muda kabla ya kipimo.

"Hii uliisoma?"

"Niliisaini."

"Sijakuuliza kama uliisaini."

Nilitamani kumrushia mwiko. Kabla sijaupata, simu ikalia. Ghislaine alikuwa ameshapata nakala ya barua, kwa sababu nilimwandika yeye kama ndugu wa karibu.

"Mama, imekwisha. Ijumaa ya wiki ijayo nakuja na maboksi, tuanze kufungasha taratibu. Serikali yenyewe imesema nyumba haina tatizo, na wewe huko ndani unaganda."

"Nani kasema naganda? Mimi sijasema naona baridi."

"Husemi! Hujawahi kusema! Ndiyo shida yako, Mama, hujawahi kusema!"

Akakata simu. Ghislaine hana kawaida ya kunikatia simu, na neno lile lilinifuata siku nzima. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko huzuni. Nikapiga simu ofisi ya ruzuku. Niliwapigia siku tatu mfululizo mpaka wakazoea sauti yangu. Siku ya tatu msichana mmoja akakubali kwamba ndiyo, mtu akithibitisha kuwa masharti ya kipimo hayakufuatwa, anaweza kupimiwa tena, mara moja tu. Haskell alikuwa na safari moja ya mwisho ya kaskazini kabla ya sikukuu. Ijumaa.

"Lakini kila kitu kitolewe, mama. Nailoni, matambara, kila kitu. Hata jiko la kuni lizimwe na majivu yaondolewe, la sivyo feni itayamwaga nyumba nzima. Na huko kwenu nasikia kuna baridi ya kufa mtu wiki hii. Utaishije?"

"Hilo niachie mimi. Wewe mlete mtu wako."

Alhamisi tuliivua nyumba. Ilikuwa nyuzi tano chini ya sifuri, zile nyuzi zetu za Farenhaiti, karibu ishirini chini ya sifuri kwa Selsiasi, na matawi yalikuwa yameganda na ardhi ikabidi Lucien atumie sururu. Nilizichana nailoni nilizozipiga pasi kwa draya mwezi uliopita. Nilichomoa matambara, na katika kila ufa niliouacha wazi nilisikia upepo ukipiga mluzi. Nitasema ukweli: niliona aibu. Niliona kama navuliwa nguo mimi mwenyewe kandokando ya barabara kuu. Magari yalipunguza mwendo. Mke wa mwenye duka akashusha kioo.

"Rolande, unahama?"

"Nahamia hapa hapa!" nikamjibu, nikaendelea kuchomoa.

Ijumaa asubuhi nilizima jiko na kuzoa majivu. Ghislaine alifika kabla ya mpimaji, gari lake limejaa maboksi matupu mpaka kwenye kiti cha mbele. Aliingia akanikuta nimevaa makoti mawili na kofia ya marehemu baba yake, madirisha yapo uchi, na pumzi yangu inaonekana hewani jikoni mwangu mwenyewe.

"Mama, umepatwa na wazimu?"

"Bado. Karibu ukae. Usivue koti."

Nikamweleza. Akakaa juu ya boksi moja alilolileta, akashika kichwa. Hapo ndipo Haskell alipofika. Aliliona rundo la matawi uani.

"Mapambo yameshuka mapema mwaka huu," akasema.

"Yale hayakuwa mapambo, bwana," Lucien akamwambia. "Lile lilikuwa blanketi la nyumba. Kwenu kusini hamlali na blanketi?"

Haskell akawa mwekundu mpaka masikioni. Nikamweleza na yeye, kila kitu, nailoni, matambara, siku nne. Nilipomaliza hakuwa anatabasamu tena.

"Kwa hiyo siku ile ulinidanganya, Bi. Michaud."

"Sikukudanganya. Nilikuonyesha nyumba jinsi ninavyoishi ndani yake, baada ya kuivika kwa mikono yangu, kama ninavyofanya kila mwaka. Nyinyi ndio mlichukua jasho langu mkaliandika kuwa ni ukuta. Mwaka ujao nikishindwa kupanda ngazi, huo ukuta wenu utakuwa wapi? Nikaona bora uje uione bila mimi. Ipime sasa. Ukiona bado inatosha, mwambie binti yangu huyu hapa, maboksi anayo tayari."

Alivua viatu, akaona sakafu ilivyo ya baridi, akavivaa tena, akafunga turubai lake jekundu.

Feni ilipowashwa, nyumba ililia. Sijui niseme vipi vingine. Upepo uliingia kwa kila tundu la soketi, vumbi likachomoza chini ya ubao wa ukuta, gazeti la jana likateleza juu ya meza na kuanguka. Picha ya harusi yangu na Rosaire iligonga ukutani, tak, tak, tak. Nilisimama nikaangalia, mikono kifuani kama mara ya kwanza, lakini safari hii sikumficha mtu kitu. Haskell akasoma namba yake. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza.

"Nahitaji kuona hewa inaingilia wapi," akasema. Alikuwa na kijiti kinachotoa moshi mwembamba, unakisogeza kwenye ukuta, moshi ukikimbia unajua pana upepo. Akampa Ghislaine amshikie, yeye akachukua kamera yake ya joto, inayoonyesha penye joto kwa manjano na penye baridi kwa zambarau. Wakapanda juu. Niliwafuata, na walipoingia chumba cha kaskazini, kile alichokuwa akilala Ghislaine utotoni, niliwazuia.

"Ukuta huu msihangaike nao. Huu mzima. Rosaire aliujaza vumbi la mbao mwenyewe, kutoka kiwanda alichokuwa anafanya kazi, mwaka tuliooana. Mimi ndiye niliyemshikia magunia."

Haskell akaelekeza kamera, kisha akanigeuzia kioo niangalie. Chini, mpaka usawa wa goti langu, ukuta ulikuwa wa rangi ya manjano. Kutoka hapo kwenda juu, mpaka darini, ulikuwa wa zambarau iliyoiva, karibu nyeusi.

"Vumbi la mbao hushuka, Bi. Michaud. Linajishindilia lenyewe. Lote lipo, lipo hapa chini. Huku juu hakuna kitu."

"Tangu lini?"

"Kwa kawaida miaka mitano ya mwanzo inatosha."

Ghislaine alizaliwa mwaka wa sita. Alikuwa amesimama palepale kilipokuwa kitanda chake, kijiti mkononi, na moshi ulikuwa unatoka ukutani kuja moja kwa moja usoni kwake.

"Kichwa changu kilikuwa hapa," akasema.

"Najua. Mimi ndiye niliyekiweka kitanda."

"Nililala na koti, Mama. Kila msimu wa baridi, mpaka nilipokwenda chuo. Asubuhi nililivua kabla ya kushuka ngazi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unamwambia kila mtu kanisani kwamba nyumba yako ina joto kuliko zote barabarani. Sikutaka kukuaibisha." Akafuta macho kwa mkono wa koti. "Ndiyo maana nataka utoke humu. Sitaki ulale kama nilivyolala mimi."

Nikakaa sakafuni, hapohapo kwenye baridi. Mtoto wangu alikuwa akijitayarisha kwa ajili yangu kila asubuhi kama mimi nilivyojitayarisha kwa mpimaji, na mimi nilimpitisha kila siku, nikampa uji, nikaona anatosha. Nilimwambia anisamehe. Nilisema mbele ya Haskell na mbele ya Lucien aliyekuwa amesimama mlangoni amevua kofia, na sikujali nani anasikia.

Haskell akasema kwa upole kwamba namba hii inatosha kabisa kupata ruzuku. Ila kuna jambo. Nyumba moja yenye majibu mawili lazima ipitiwe na wakubwa, na wakubwa wanakwenda likizo. Uamuzi huenda ukatoka mwisho wa Januari.

Nikamwangalia Ghislaine. Tulipeana mkono kwa Krismasi, na neno ni neno. Sikumwomba.

Yeye alikuwa anaangalia ule ukuta. Kisha akanyoosha mkono.

"Bwana Haskell, nipe namba ya mkubwa wako. Siyo ya ofisi. Yake."

Nilimsikia kutoka sakafuni pale nilipokaa. "Hujambo. Naitwa Ghislaine Michaud. Nimelala miaka kumi na minane ndani ya nyumba ambayo mwezi uliopita mmeandika kwamba inatosha. Sasa hivi nimesimama mbele ya ukuta mtupu, na mtu wako yupo hapa na picha zake. Nataka uzione picha hizo leo, kabla hujafunga mlango uende kula bata mzinga. Hapana, sikati simu. Nasubiri." Na kweli alisubiri, dakika arobaini, mkono kiunoni. Lucien akanikonyeza. Alijua Ghislaine ameitoa wapi sauti ile.

Jibu halikupatikana siku hiyo. Mkubwa aliahidi Jumatano, na ahadi za wakubwa tunazijua. Haskell alikunja turubai lake akaondoka, akiwa amepewa ploye mkononi ingawa zilikuwa za jana. Tuliwasha jiko. Tukarudisha matambara, tukarudisha nailoni, tukayarudisha na matawi, watu watatu safari hii. Kisha Ghislaine akaenda kwenye gari lake, akaleta maboksi yote. Nilidhani ameamua kufungasha. Alichukua kisu cha jikoni, akayakata yakawa bapa, akapanda nayo chumba cha kaskazini, nikasikia nyundo. Akayapigilia ukutani, tabaka juu ya tabaka, kuanzia usawa wa goti kwenda juu.

"Mpaka mafundi waje," akasema.

"Na Krismasi?"

"Krismasi nakuja kula hapa."

Hakurudi Bangor siku hiyo. Alisisitiza kulala kwenye chumba chake, nilipomkataza akaniambia nisimwanze. Asubuhi nilikuwa nimeshika upawa juu ya kikaango niliposikia hatua zake kwenye ngazi. Alishuka amevaa koti, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Hakulivua. Akaja akasimama karibu na jiko, akanyoosha viganja.

"Mama," akasema, "kule juu kuna baridi kali."

Nikamvutia kiti mpaka karibu na moto, nikamwekea ploye ya kwanza kwenye sahani, nikaileta simu mezani na kuiweka kati yetu. Ilikuwa Jumamosi, ofisi imefungwa, lakini namba ya mkubwa mwenyewe tulikuwa nayo.